Kichupa Namba 417

Pale Kibarani, mjini Kilifi, watu walikuwa na neno moja tu la kumsema Sanga Nyale, na walilisema miaka saba bila kuchoka: mwanamume yule hataki kumaliza msiba wa mwanawe. Mtoto alikufa kwa malaria, akazikwa kwao, ng'ambo ya Ganze, na kila mtu akalia. Lakini kwa akina Sanga msiba hauishi kaburini. Kuna hanga itsi, msiba mbichi, siku ya kuzika. Halafu kuna hanga ivu, msiba ulioiva, miezi au mwaka baadaye, ndugu wanapokutana tena, wakanyolewa, wakala, wakagawa nguo za marehemu, wakasema basi. Kwa mtoto mdogo wala si shughuli kubwa. Asubuhi moja, sufuria mbili za wali, mambo yamekwisha.

Sanga hakutaka. Kaka yake Chengo alipiga simu mwaka wa kwanza, akapiga wa pili, akapiga wa tatu.

"Ndugu yangu, mtoto umemwacha njiani. Huku hayuko na huko hajafika."

"Bado, kaka."

"Bado nini? Mahindi yamevunwa, mvua imekatika, watu wote wapo. Bado nini, Sanga?"

Hapo Sanga alikuwa akisema mtandao mbaya, na simu ikakatika. Jamani, mtandao wa Ganze umesingiziwa mengi, lakini siku zile ulionewa kabisa.

Aliyeumia zaidi ni Zipporah, mkewe. Nguo za mtoto zilikuwa uvunguni mwa kitanda, ndani ya mkoba wa nailoni: gauni la manjano la Krismasi, sare ya chekechea, na ndara moja nyekundu, ya pili ilipotelea hospitalini. Hazikufuliwa, hazikugawiwa, zilingoja hanga ivu. Kila Zipporah akifagia, ufagio uligonga ule mkoba. Akiusikia mlio wake, humkaa moyoni siku nzima.

"Baba Mapenzi," alikuwa akimwambia, maana tangu wapate mtoto hakumwita mumewe kwa jina jingine, na mtoto alipokufa hakuona sababu ya kubadilisha, "zile nguo zinanikaba roho. Tufanye hanga, tupumue."

"Bado, Mama Mapenzi."

Mapenzi, huyo mtoto wao, alikufa akiwa na miaka mitano. Hakuwa na sifa kubwa, mtoto ni mtoto, ila alikuwa na moja iliyojulikana mtaa mzima: alikuwa wa kuitika. Umwite kwa upole au kwa ukali, awe anacheza au yuko chooni, utasikia tu, "Abeee!" sauti imevutwa mpaka kwa majirani. Wanawake walikuwa wakimwita bila haja yoyote, wapate tu kulisikia. Alipokufa, Zipporah aliendelea kumwita. Hakuita kwa sauti, hakuwa mwendawazimu. Aliita chini kwa chini, akichota maji, akikuna nazi, akitandika kitanda. Mapenzi. Mapenzi we. Kisha akanyamaza kidogo, kama anayesubiri, akaendelea na kazi.

Sasa kwa nini Sanga alikataa? Hapo ndipo penye kisa, na ili ukielewe sharti uijue kazi yake.

Sanga alikuwa fundi wa darubini katika maabara moja ya utafiti. Hakusomea. Alikuja mjini kijana na cheti cha darasa la nane, akaajiriwa kuosha vyupa, na kwa kuwa alikuwa na mikono mitulivu na mdomo mzito, wakampandisha kidogo kidogo. Kwanza akapokea damu kutoka wodini na kuibandika namba. Baadaye akakabidhiwa darubini kubwa ya leza, yenye chumba chake cha giza na baridi yake. Watu waliosoma ng'ambo waliiogopa mashine ile. Sanga aliijua. Alijua siku stima inapocheza na mashine itakataa. Alijua kwamba unyevu wa pwani huotesha ukungu juu ya lenzi, akazifuta kila asubuhi kwa karatasi laini, pole pole, kama mtu anayempangusa mtoto tongo.

Na aliyoyaona humo! Seli za damu zilizo askari wa mwili hazina mdomo, lakini huongea. Habari hubisha mlangoni mwa seli, huingia, ikapokezwa mkono kwa mkono ndani mpaka ifike katikati panapotolewa amri, jinsi habari ya kifo inavyotoka boma hili hadi lile mpaka imfikie mwenye mji. Madaktari walitaka kujua habari hiyo hupita wapi na hukwama wapi, hasa kwa watoto wanaougua malaria kali. Basi huzitia seli rangi maalumu, wakazidondoshea dawa ya kuziamsha, na seli iliyopata habari huwaka kijani kwenye kioo cha kompyuta. Ile isiyoipata hubaki giza.

Lakini taa hiyohiyo inayokuonyesha seli ndiyo inayoiunguza. Ukiitazama mno, rangi hufifia, na seli yenyewe hufa. Kila mgeni aliyeingia chumba kile, awe profesa awe mwanafunzi, Sanga alimwambia neno moja kabla hajakaa: "Hapa tunatazama kidogo." Walimcheka, kisha wakaharibu seli zao, kisha wakamsikiliza.

Siku Mapenzi alipolazwa na degedege, muuguzi alimweleza Zipporah kuhusu utafiti, akamsomea karatasi yote, na Zipporah akatia sahihi. Kijiko kimoja cha damu kilichukuliwa. Kikaletwa maabara, na zamu ya kupokea ilikuwa ya nani? Ya Sanga. Chupa ilikuwa bado ina joto. Aliibandika namba kwa mkono wake mwenyewe, 417, na siku ya pili yake mtoto akafa.

Namba huwekwa makusudi, ili mtu asijue damu ni ya nani. Mwenzangu, namba gani itamfichia baba damu aliyoishika ikiwa moto? Sanga alijua kwamba askari wale weupe walitengwa, wakatiwa kichupani, kichupa kikazamishwa kwenye tangi la nitrojeni, baridi isiyo na mfano duniani. Na alijua jambo ambalo Zipporah hakulijua, kwa sababu Zipporah alidhani damu ile ilipimwa ikamwagwa. Seli zilizogandishwa hivyo hazifi. Hulala. Ukizipasha moto, huamka.

Basi utamfanyiaje mtu hanga ivu, naye hajaisha kufa?

Hivyo ndivyo alivyofikiri, na alifikiri peke yake. Kila Jumatatu alifuatana na Twahir, yule kijana wa Lamu aliyejaza nitrojeni, akasimama mbele ya tangi la tatu, akaweka kiganja juu ya kifuniko. "Hujambo, mama," alikuwa akinong'ona.

"We Sanga, unaamkia mitungi?" Twahir humtania. "Ikikuitikia unambie, nihame kazi wallahi."

Sanga alicheka tu. Mara mbili orodha ya sampuli ilipopitishwa, 417 ilitakiwa, na mara mbili alikisogeza kichupa nyuma ya vingine, akaandika: haikuonekana. Mtu mwaminifu namna ile, asiyechukua hata karatasi ya maabara kwenda nayo nyumbani. Aliiba mara mbili, na alichoiba ni chake.

Na mkewe je? Alisema moyoni, nikimwambia nitamtonesha kidonda. Alisema, atataka tumtoe, na hatolewi. Alisema mengi. Semeni nyie mtakavyo, mimi nauita uchoyo. Alikuwa na mahali pa kumwamkia mwanawe, na mwenzake hana, na kila Jumatatu alirudi nyumbani amepoa kidogo, akamkuta Zipporah na ufagio wake. Lakini la kuvunda halina ubani.

Mwaka huu alikuja Daktari Nyokabi, mama mmoja wa Nyeri, mpole, mwenye haraka. Akayapanga matangi yote upya kwa kompyuta, kichupa kwa kichupa, na 417 ikaonekana ilipojificha.

"Sanga, tazama bahati!" alimwambia. "Watoto waliopona tunazo seli zao nyingi. Waliokufa, karibu hatuna. Huyu alikufa, na kimebaki kichupa kimoja. Nataka nijue habari iliwafikia askari wake au haikuwafikia. Na simwamini mtu mwingine kwenye darubini ila wewe."

Pale pale Sanga angeweza kusema. Daktari alisimama mbele yake, hana pa kwenda, ana kikombe cha chai mkononi. Sanga aliuliza tu, "Lini?"

"Alhamisi asubuhi."

Siku tatu zile hakula vizuri. Zipporah alimuuliza kama ana homa, akasema ni uchovu. Jumatano aliingia kwa Twahir, akaweka kiganja juu ya kifuniko, na safari hii hakusema kitu. Twahir naye hakutania.

Alhamisi alikitoa. Ni kitu kidogo, urefu wa kidole cha mwisho, namba imefifia lakini mwandiko ni wake. Taratibu ni kukizamisha kwenye maji ya vuguvugu. Sanga alikifumbata kiganjani, ndani ya glavu, akasimama nacho mpaka barafu ikayeyuka kwa joto lake. Daktari Nyokabi aliona, akadhani ni ufundi wa kizamani.

Akaziosha seli, akazitia rangi, akazipumzisha nusu saa kwenye joto la mwili. Akazima taa ya chumba, akaweka kisahani chini ya leza. Kioo kilikuwa cheusi, na ndani ya weusi ule madoa ya kijani hafifu, mamia, yametulia.

"Ziko hai," daktari akasema. "Ajabu, miaka saba. Haya, tuziite."

Akadondosha tone moja.

Hakikutokea kitu. Sanga alihesabu pumzi zake, moja, mbili, tatu. Akaanza kusema kimoyomoyo, itika, mama, itika. Pumzi ya tano, pembeni kabisa mwa kioo, seli moja ikawaka. Ikafuata jirani yake. Zikafuata tatu, kumi, kisha kioo kizima kikawa kijani, huku zinawaka na kule zinawaka.

"Zimeitika!" Nyokabi alipiga makofi. "Habari iliwafikia, Sanga! Hawakulala hawa, walipigana! Basi, tosha. Dakika tatu zimetimia. Zima, tuhifadhi zilizobaki."

Sanga hakuzima.

"Sanga. Leza."

Mtu aliyewafundisha wote kutazama kidogo alikuwa ameegemea kioo, mkono uko juu ya swichi, na mkono haubonyezi. Alitazama dakika tano. Akatazama nane. Daktari alimshika bega na hakugeuka. Kijani kilianza kufifia katikati, kikaenea, moja moja seli zikavimba, zikatoboka, zikazimika. Alipobonyeza swichi hapakuwa na kitu cha kuokoa.

"Umeziunguza zote," Nyokabi alisema, hakuamini macho yake. "Wewe? Kuna nini?"

"Ni mwanangu, daktari."

Daktari alivuta kiti, akakaa. Kisha akasema, taratibu, "Kwa nini hukuniambia? Ningesimamisha. Ningewauliza nyote wawili."

Nyote wawili. Neno lile lilimwingia Sanga kama mwiba.

"Mama yake anajua?" daktari akauliza.

Sanga alitikisa kichwa.

"Tungemleta," Nyokabi alisema. "Tungeomba ruhusa, ingepatikana. Angekaa hapa, kwenye kiti hiki, dakika zake tatu. Ah, Sanga."

Taratibu inataka kisahani kitiwe klorini kabla ya kutupwa. Daktari alitaka kumpokea, Sanga akakataa. Alimimina mwenyewe, akangoja dakika zinazotakiwa, akaosha mikono. Hivyo alimzika mwanawe mara ya pili, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumpa pole ila mgeni.

Alifika nyumbani alasiri. Zipporah alikuwa mlangoni, amekalia kibao cha mbuzi, anachambua mboga ya mchunga kwenye ungo.

"Umewahi leo, Baba Mapenzi. Kazini kwema?"

"Mama Mapenzi, tufanye hanga ivu. Jumamosi hii. Nimeshampigia kaka Chengo."

Ungo ulimponyoka. Alisimama, akakaa, akasimama tena. "Mungu ni mkubwa! Nani amekulainisha moyo? Miaka saba nimekusema mpaka nimekauka mate, leo nani?" Machozi yalikuwa yakimtoka na huku anacheka, na hapo, angenyamaza tu, mambo yangekwisha vizuri. Lakini Sanga alikuwa amebeba peke yake muda mrefu, na mzigo ukishaanza kuteremka hauzuiliki. Akakaa chini kwenye vumbi, akamwambia yote. Damu, namba, tangi la tatu, Jumatatu zake.

Zipporah alimsikiliza bila kumkata.

"Hai vipi?" akauliza mwishowe.

"Damu yake tu. Ile uliyotia sahihi. Iligandishwa, haikufa."

"Miaka saba."

"Miaka saba."

"Na wewe ulikuwa ukijua. Ukienda kumwamkia."

"Nilikuwa nikijua."

Sanga akaona uso wake unavyobadilika, akaharakisha kumpa jambo jema alilokuwa nalo. "Leo tuliziita, Mama Mapenzi. Daktari alitia dawa, tukaziita, na zikaitika. Zote. Walipigana askari wake, hawakulala. Hukuchelewa kumpeleka, hukukosea kitu. Aliitika."

"Aliitika?"

"Aliitika, wallahi."

Loo! Ungemwona mwanamke yule. Uso ulimfunguka kama wa msichana. Alijifuta mikono kwenye leso, haraka haraka, akaanza kuingia ndani.

"Basi nipeleke," alisema. "Nipeleke kesho asubuhi. Nitavaa lile gauni la kanisani. Nitamchukulia ndara yake. Nataka nimwite na mimi, mara moja tu, Baba Mapenzi, kisha hilo hanga tulifanye hata kesho kutwa."

Sanga alimshika mkono asiingie.

"Zimekwisha."

"Zimekwishaje?"

"Taa inaziua. Yatakiwa kutazama kidogo. Mimi nilitazama mpaka zikaisha."

Zipporah alisimama palepale, nusu ndani nusu nje. Kuku waliukaribia ungo, wakaanza kudonoa mchunga, hakuwafukuza.

"Nimemwita miaka saba," alisema, bila ukali wowote, na afadhali angekuwa na ukali. "Kila siku. Nikichota maji namwita. Nikikuna nazi namwita. Hata wewe umenisikia, ukajifanya umelala. Nikawa najiambia, Zipporah, huna akili, mtoto hayuko mahali popote pa kuitikia. Kumbe mahali papo. Na aliyepajua analala na mimi."

Akauokota ungo, akaingia ndani.

Hanga ivu lilifanywa Jumamosi, kama ilivyopangwa. Chengo alichinja mbuzi, wanawake wakapika, shangazi mmoja akamnyoa Sanga na mkewe kwa wembe mpya. Chengo alisema maneno kaburini, akamwambia mtoto aende salama, njia sasa iko wazi. Zipporah aligawa nguo mwenyewe. Gauni la manjano alimpa binti wa jirani, nalo lilimkaa sawasawa. Sare akampa mwingine. Ilipofika ile ndara moja, Sanga alinyoosha mkono. Zipporah aliitazama, akamtazama yeye, akaiweka juu ya kaburi. Watu walikula, wakaaga, na wote walisema hanga lilikuwa zuri, na kwamba sasa wale wawili watapumua.

Maabara haikumfukuza. Daktari Nyokabi aliandika taarifa yake kama inavyopasa, akamwombea, naye akarudi kwenye chumba chake cha giza na karatasi yake ya kufutia lenzi. Wageni wakija huwaambia maneno yaleyale, kwamba hapa tunatazama kidogo, na siku hizi husema akiangalia pembeni.

Nyumbani Zipporah humpikia, humfulia, humwamkia, hajamkosea adabu hata siku moja. Uvunguni mwa kitanda hamna kitu, ufagio hupita moja kwa moja. Ila tangu siku ile ya mchunga hajamwita tena Baba Mapenzi. Humwita Sanga, jina lake, kama anavyoitwa na karani wa chifu, na yeye huacha alichoshika akaitika.